Kak Saodah wa Meza ya Feni

Kila asubuhi, kabla ya kugonga kadi ya kuingia zamu, Kak Saodah alisimama mbele ya mashine ya maji baridi kwenye ujia wa makabati, akausogeza ushungi wake kidogo, akaegemeza sikio la kushoto kwenye ubavu wa ile mashine. Kisha la kulia. Kisha akainuka na kusema, "Leo anaimba vizuri," kama mtu aliyetoka kumjulia hali mgonjwa, akaenda kuvaa koti la kazi.

Sisi wa zamu ya asubuhi, tuliomwita Kak, yaani dada mkubwa, tulishamzoea. Wageni ndio waliouliza, na mwenye kuwajibu siku zote alikuwa Kak Rosnah wa meza ya skrubu.

"Mchumba wake huyo. Huu mwaka wa kumi, na posa hajaleta."

"Heri huyu ananipa maji," Kak Saodah alimjibu. "Wako anakupa nini?"

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mikono midogo kama ya mtoto. Alizaliwa Balik Pulau, upande wa pili wa mlima wa kisiwa chetu, ambako baba yake alikuwa na miti ya kungumanga na ya duriani. Msimu wa duriani ukifika, yeye na kaka zake walilala kibandani shambani wakisikiliza matunda yakianguka, na kabla hajaanza shule alikwishajua kwa mshindo peke yake ni mti gani umeangusha, na tunda limeangukia majani au limeangukia jiwe. Huo ndio ulikuwa utajiri aliokuja nao huku viwandani Bayan Lepas, siku alipopanda basi la kiwanda kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Wakamweka kwenye meza ya feni. Miaka thelathini alikuwa hajahama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Laptopu zilitufikia zimefunikwa, nne nne kwenye trei, huku ndani programu ya majaribio ikizifanyisha kazi kama punda. Kila moja ilikuwa na feni mbili ndogo, ukubwa wa biskuti, za kuipooza prosesa, ule ubongo wake, maana prosesa zile zilikuwa na joto la kikaango. Feni ikiingia chembe ya vumbi, au mhimili wake ukipinda kwa unene wa unywele, vipimo haviioni leo. Ataiona aliyeinunua, baada ya miezi mitatu. Kak Saodah aliiona siku hiyo hiyo. Anainama, anasikiliza pumzi mbili, anataja rangi, nami nabandika: kijani kwa nzima, nyekundu kwa mbovu. Juu ya meza ilining'inia karatasi ya maelekezo ndani ya plastiki, mistari mitatu tu. Sauti laini, kijani. Sauti ya kukwaruza, nyekundu. Hakuna sauti, nyekundu.

Huo mstari wa tatu uwekeni akilini.

Mimi niliwekwa mkono wake wa kulia nilipoacha shule kidato cha pili. Sikuwa msemaji, na nadhani ndiyo sababu alinipenda. Siku ya kwanza alinishika mkono, akaweka ncha za vidole vyangu kwenye kona ya kifuniko cha laptopu, hata glavu hakunivua.

"Sikio hupokea maneno ya watu," alisema. "Kidole hakipokei. Kaa nacho hapo."

Nilikaa nacho. Baada ya wiki tatu, ile mitetemo iliacha kuwa kitu kimoja. Kulikuwa na feni zinazotembea, feni zinazochechemea, na feni zilizokuwa nzima zikijisingizia ugonjwa. Sijawahi kufundishwa kitu shuleni kikaniingia hivyo.

Asubuhi moja wafagizi walikuwa wanapiga deki ujia wa makabati, wakaichomoa mashine ya maji. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni mbele yangu. Kak Saodah akaja, akausogeza ushungi, akaweka sikio la kushoto, akaweka la kulia, akainuka.

"Leo anaimba vizuri," alisema.

Nilitazama waya. Nikatazama viatu vyangu. Siku ile ndipo nilipoelewa mambo mengi niliyokuwa nikiyaona bila kuyaelewa: kwa nini kantini alikaa daima mgongo ukutani; kwa nini alimwambia kila mtu, "Njoo mbele yangu, mimi si dereva wa kusemeshwa kisogoni"; kwa nini wasichana wapya walisema anaringa, ukimwita kwa nyuma haitiki. Masikio ya Kak Saodah yalikuwa yameisha, kama soli inavyoisha, polepole huku mtu anatembea.

Asije mtu akadhani mashine mbovu zilipita. Tangu siku ile nilisikiliza kila moja baada yake, nikijifanya naweka kibandiko sawa, na hata mara moja hatukupishana. Vidole vyake vilikuwa vinasikia kuliko masikio yangu ya miaka kumi na sita.

Lakini kila mwaka, mwezi wa tisa, lilikuja gari la kupima masikio. Wa meza ya feni na wa mashine za kukata bati walipanda mmoja mmoja. Anayeshindwa huondolewa mezani siku ile ile, na jina lake hubandikwa ubaoni kwamba masikio hayafai. Kwa mwingine ni karatasi tu. Kwa Kak Saodah, jina na sikio vilikuwa kitu kimoja. Mtaani Teluk Kumbar, alikoishi na mama yake, watu walimletea pikipiki zao azisikilize kabla ya kwenda kwa fundi.

Mwezi wa saba, tukiwa kantini, Kak Rosnah akaleta habari.

"Gari la mwaka huu jipya, mmesikia? Halina nesi. Unafungiwa ndani ya kijichumba cheusi, kompyuta ndiyo inapima."

"Kompyuta itaziweza kelele zako wewe?" mmoja akauliza.

"Mimi nitaipima yenyewe."

Walicheka. Kak Saodah aliweka kijiko chini, na wali wake ukabaki sahanini hadi kengele.

Mwezi ule ule yakaanza mambo ya siri. Kiwanda chetu huunganisha tu. Jina lililo juu ya kifuniko ni la wengine, wa ng'ambo, na wao ndio wenye amri. Wakaleta masanduku yaliyofunikwa vitambaa vyeusi. Wakaweka mlinzi kwenye mlango ambao haukuwahi kuwa na mlinzi. Tukatia sahihi karatasi za kuahidi kutosema tusichokijua. Bi Khaw, mhandisi wa laini yetu ya uzalishaji, binti wa miaka ishirini na sita ambaye kawaida huzungumza na mashine huku akitembea, akawa hasemi hata nazo. Kilichovuja ni kimoja tu: ubongo unabadilishwa. Kampuni imeacha prosesa iliyokuwa ikinunua kwa watu, sasa inatumia yake yenyewe.

"Ubongo ukibadilishwa, kichwa si ni kile kile?" alisema Bosi Bala, msimamizi wetu. "Nyinyi fanyeni kazi."

Siku ya majaribio zikaja laptopu arobaini. Kwa nje zilikuwa zile zile, kifuniko kile kile, uzito karibu ule ule. Wageni wawili wa kampuni walikaa nyuma ya kioo na vikombe vyao vya chai. Trei ya kwanza ikafika mezani kwetu.

Kak Saodah aliinamia ya kwanza. Akabadili sikio. Akaweka vidole. Akaenda ya pili, akakaa pumzi sita badala ya mbili. Ya tatu. Alipofika ya nne uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa mchele.

"Dik," aliniita, kama mtu anavyomwita mdogo wake, bila kunitazama. "Weka sikio hapa."

Nikaweka.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Kak."

"Sikiliza vizuri. Usinionee haya."

"Kimya kabisa, Kak. Hata vidole havipati kitu. Feni hazizunguki."

"Wallahi?"

"Wallahi, Kak."

Alishusha pumzi ndefu hadi mabega yakashuka nayo. "Alhamdulillah," alisema, na machozi yakamlengalenga huku akicheka. "Zimekufa. Dik, zimekufa zote. Lete nyekundu."

Nilibandika nyekundu arobaini. Yeye alizipokea trei kwa furaha ya mtu anayegawa keki siku ya Idi, akimpapasa kila maiti mgongoni kabla ya kumpitisha. Nami nilibandika kwa moyo mweupe, maana mstari wa tatu ulikuwa mbele ya macho yangu, na mashine hizo hazikuwa na hata mnong'ono.

Bosi Bala alikuja akitembea haraka, kwa sababu kukimbia ndani hairuhusiwi.

"Kak Saodah, unanifanyia nini?"

"Mbovu, bosi."

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Kati ya ngapi?"

"Hata moja haipumui."

Alijifuta jasho. "Wale mabwana wamesafiri saa kumi na saba waje wanywe chai na maiti?"

Bi Khaw alifika, akafunua ya kwanza. Mwanga wa kioo ukampiga usoni. Akafunua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa macho, programu ya majaribio inakimbia kuliko tulivyowahi kuiona.

"Nzima hizi," alisema taratibu. "Hazina feni."

"Hazina nini?" Bosi Bala aliuliza.

"Feni. Prosesa mpya haipati joto. Haihitaji kupulizwa."

Kak Rosnah akasema kutoka meza ya skrubu, "Kompyuta bila feni ni kama mume bila mkoromo. Utajuaje kama yu hai?"

Hata mlinzi alicheka. Bosi Bala hakucheka. Anayesimamisha laini siku ya wageni hupewa barua ya onyo, ndiyo sheria, na daftari la barua alikuwa nalo mkononi. Kak Saodah hakujitetea. Alinyoosha kidole tu kwenye karatasi iliyo juu ya meza, mstari wa tatu.

Bi Khaw aliusoma. Masikio yake yakawa mekundu.

"Karatasi hii ni yangu," alisema. "Nilikatazwa kumwambia mtu yeyote kwamba hakuna feni. Nikaona nikibadilisha mstari huu nitakuwa nimesema. Nikauacha. Bosi, andika jina langu."

"Bi Khaw, wageni wanatazama."

"Basi wanione ukiandika."

Akaandika. Mmoja wa wageni alitoka nyuma ya kioo, mzee mwenye miwani, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyebandika. Bi Khaw akamwonyesha. Yule mzee aliinamisha kichwa kwa Kak Saodah, akabandua kibandiko chekundu kimoja, akakibandika kwenye jalada la daftari lake, akarudi kwenye chai. Hadi leo sijui alikuwa na maana gani, lakini hakuonekana kukasirika.

Mchana, siri ikiwa imeshapasuka, Bosi Bala alitueleza kantini huku akila wali kwa mchuzi wa samaki.

"Chukulia mkahawa. Miaka yote mpishi wako ni Mchina, anasikia Kihokkien tu. Maagizo yote umeandika Kihokkien. Anapika vizuri, ila jiko linawaka moto hadi wateja wanatoa jasho. Sasa umeleta mpishi wako mwenyewe, Mtamil, mwepesi, moto kidogo tu. Shida ni nini?"

"Anaweka pilipili," alisema Kak Rosnah.

"Shida ni maagizo. Hasomi Kihokkien. Inabidi kila agizo liandikwe upya. Na kabla hayajaandikwa, unaweka mkalimani dirishani anayemsomea. Programu zetu za majaribio ni za zamani, leo zilipita kwa mkalimani. Na bado zilikimbia kuliko kwa yule wa kwanza."

"Na wale waliokuwa wanampepea mpishi wa zamani?" Kak Saodah aliuliza. Alikuwa amekaa mgongo ukutani, macho kwenye midomo ya bosi.

Bosi Bala aligeuzageuza kipande cha samaki sahanini. Alikuwa mtu mwema, hakupenda kusema maneno fulani akiwa na chakula mdomoni. "Aina ya zamani tutaiunda hadi mwisho wa mwezi wa tisa," alisema hatimaye. "Baada ya hapo hakuna meza ya feni."

Wote tulimtazama Kak Saodah kwa huruma. Mimi nilikuwa nahesabu. Gari la masikio lingekuja Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Meza ingefungwa tarehe thelathini. Siku kumi na sita zilikuwa zimesimama katikati ya yeye na kuondoka kwa heshima, na hakuna aliyeziona isipokuwa sisi wawili. Wala sisi hatukuwa tumeambiana.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Asubuhi sikio kwenye mashine ya maji, la kushoto, la kulia. Ila niliona hasemi tena kwamba inaimba. Alikuwa anasimama, anangoja, anaondoka. Mara moja nilimwona ameweka kiganja kizima pale ubavuni, amefumba macho, kama anamuaga mtu.

Alhamisi, tarehe kumi ya mwezi wa tisa, Bi Khaw alikuja mezani kwetu. Alizunguka akasimama mbele ya Kak Saodah kabla ya kufungua mdomo. Nilijiuliza kama naye alijua. Labda ni adabu tu.

"Kak Saodah, sijui nianzeje. Zile mpya zimefaulu kuliko walivyotegemea. Hawataki tena za zamani. Wamekata oda iliyobaki. Meza hii inamalizika kesho."

"Kesho Ijumaa?"

"Kesho Ijumaa. Nisamehe. Nilijaribu kuomba hata wiki mbili."

Kak Rosnah alianza kulia pale pale, na wengine wakamfuata. Kak Saodah aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa mikono yake midogo, mabega yakatikisika. Bosi Bala alimpigapiga begani akasema maneno ya kufariji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli fupi ya vibandiko, na kutoka kule chini niliona midomo yake nyuma ya vidole. Alikuwa anashukuru. Alirudia neno lile lile, mara nyingi, bila sauti.

Bosi Bala akamwambia kuna nafasi meza ya vioo, kazi ya macho tu, ameshamwombea.

"Macho yangu nimeshayaahidi kwa mama," alisema Kak Saodah. "Na miti ya kungumanga Balik Pulau ina miaka haijapogolewa. Ahsante, bosi. Ahsante sana. Umenitunza."

Ijumaa zilibaki trei tisa. Tulizifanya polepole. Kwenye trei ya mwisho, watu walipokuwa wamekwenda kuandaa wali wa njano waliompikia, aliongea, na macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu.

"Ulijua lini?"

Sikujifanya. "Siku waliyochomoa mashine ya maji, Kak."

Alifikiri. "Ilikuwa imechomolewa?"

"Waya ulikuwa chini."

Akacheka hadi akashika meza. "Na mimi nikasema anaimba."

"Vizuri, ulisema."

"Mwaka jana nilipita kwa bega la nesi," alisema akijifuta macho. "Akibonyeza kitufe cha mlio, bega linapanda, na kioo cha gari kinanionyesha. Mwaka huu sikuwa na bega. Nilikuwa nimeshaanza kuota ule ubao, Dik, jina langu limebandikwa. Halafu Mungu akawatia watu wa ng'ambo wazo la kubadilisha prosesa." Alitikisa kichwa. "Wamebadilisha dunia nzima ya kompyuta, nami nikapita katikati. Watu wananililia. Kama wangejua, wangenionea wivu."

"Siku ya zile arobaini ulidhani..."

"Nilidhani ndiyo basi. Kwamba hata vidole vimekufa. Uliposema kimya kabisa, hujui ulichonipa. Na hukumwambia mtu."

"Hakuna aliyeniuliza, Kak."

Alichukua mkono wangu, akaweka vidole kwenye kona ya laptopu ya mwisho, akaweka vyake juu ya vyangu. Feni mbili zilikuwa zinazunguka mle ndani, laini, sawa sawa, moja nyuma kidogo ya nyingine. Tulikaa nazo zaidi ya pumzi mbili.

"Hizi zimesomesha watoto wawili wa kaka yangu," alisema. "Zimeezeka nyumba ya mama. Sema wewe rangi."

"Kijani, Kak."

"Kijani," alisema, akabandika mwenyewe.

Tulikula wali wa njano na kuku. Bi Khaw alimpa ile karatasi ya maelekezo, na plastiki yake, mstari wa tatu umekatwa kwa wino na chini yake ametia sahihi. Kak Rosnah alitaka kusema hotuba, akashindwa, akasema tu, "Nenda ukaolewe."

Kak Saodah alikunja koti lake la kazi, akaliweka juu ya kiti. Akabadilisha viatu, akavaa ndala zake za nyumbani. Kwenye ujia wa makabati alipita mbele ya mashine ya maji baridi bila kusimama. Nilimfuata hadi mlango wa kioo. Nje basi la zamu lilikuwa linanguruma. Dereva alimpigia honi, na yeye, aliyekuwa anatazama mlima, hakugeuka. Akapanda kwa wakati wake.

Jumatatu gari la masikio lilikuja likaegeshwa mahali pake pa kila mwaka. Walisoma majina, wakafika kwake, Bosi Bala akasema ameshaondoka, wakalipiga mstari jina lake. Viatu vyake vya kazi viko bado chini ya meza ile. Hakuvirudia.